Kanzu za Bluu na Nyota ya Korongo

Watu wakisikia kwamba nashughulika na nyota, sura zao hulainika. Wanadhani jioni nakaa nje nimeshika shavu, nawaza habari za milele. Sina muda huo. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Tabora, na kazi yangu ya nyota, ambayo hainilipi hata senti na ninaipenda kuliko ile inayonilipa, ni kazi ya ukarani tu. Nasahihisha makosa ya marehemu.

Nieleze kidogo ili tusipotezane. Nyota nyingi hung'aa vilevile mwaka hadi mwaka. Nyingine hupanda na kushuka, zikafifia kisha zikarudi. Vitabuni huitwa nyota badilifu, na baba yangu alizipa jina la vigeugeu siku ya kwanza kuzisikia. Katikati ya makundi hayo mawili kuna la tatu, la nyota zinazoshukiwa. Mtu fulani zamani aliandika kwamba nyota hii naona imepungua tangu mwaka jana, halafu akafa, na hakuna aliyefuatilia. Sisi, watu wa kujitolea tuliotawanyika nchi mbalimbali na tunaojuana kwa barua pepe tu, tunamchukua mtuhumiwa mmoja mmoja. Tunafungua orodha za kale za nyota, tunatazama kila mmoja wa wale wazee aliipa nyota hiyo mwangaza wa daraja gani, kisha tunalinganisha na vipimo vya leo. Mara nyingi nyota haina hatia. Mwandishi alisinzia, au mnakili aliruka mstari akaipa nyota moja mwangaza wa jirani yake. Nikikamata kosa la namna hiyo, la mtu aliyekufa kabla babu wa babu yangu hajabeba mzigo wake wa kwanza kwenye njia ya Ujiji, nafurahi siku nzima, na wanafunzi wangu hunufaika kwa kupungukiwa kazi ya nyumbani.

Baba alistaafu reli. Miaka yake mingi aliifanyia Kaliua, pale tawi la Mpanda linapoachana na njia ya Kigoma, akiwa msaidizi wa stesheni masta. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha treni mbili hazikutani kwenye reli moja, na kazi kama hiyo ikishamwingia mtu haimtoki. Hata leo ukimwambia chakula kiko tayari, anauliza nani kasema. Aliporudi nyumbani moja kwa moja, hapa Isevya, mama alimvumilia kwa muda, kisha siku moja akanijia chumbani akafunga mlango.

"Mpe baba yako kazi," alisema. "Yoyote ile. Jana kanisimamia nikikatakata vitunguu, ananiambia anayemsimamia mpishi lazima awe na filimbi."

Nikampa Korongo.

Korongo ni kundi la nyota la upande wa kusini. Kuanzia Septemba hadi Desemba, watu wakitoka kuswali isha, linakuwa limesimama vizuri juu ya paa la jirani. Lina nyota mbili kubwa. Moja ni nyeupe, ya weupe wenye usamawati kidogo. Nyingine ni nyekundu. Ile nyekundu ni kigeugeu anayejulikana, ingawa ni wa kiasi, hapandi sana wala hashuki sana. Nyeupe haibadiliki, ndiyo sababu tunaitumia kama rula ya kumpimia mwenzake. Unatazama hii, unatazama ile, unakadiria nyekundu imezidiwa kwa kiasi gani. Huhitaji darubini. Unahitaji shingo nzima na moyo wa subira, na baba alikuwa na kimojawapo.

Nilidhani itanichukua wiki kumweleza habari ya madaraja ya mwangaza, maana inawakanganya hata walimu wenzangu. Nyota kali zaidi ni za daraja la kwanza, hafifu kidogo ni la pili, hivyo hivyo hadi la sita ambalo jicho hulipata kwa shida. Baba alinitazama kana kwamba nimemvunjia heshima.

"Daraja la kwanza, la pili, la tatu," alisema. "Mama, mimi nimeuza tiketi."

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nadhani pia inamsaidia asinigombeze sana.

Kwa miaka kadhaa makadirio yake yalikwenda sambamba na ya wenzetu wa nchi nyingine, nami niliyatuma bila wasiwasi. Zilikuwa jioni njema mno. Tulikaa kwenye viti vya plastiki uani, yeye na kofia yake, mimi na daftari na tochi niliyoizungushia karatasi nyekundu isituumize macho, mama akituletea chai na kuuliza kama leo mbingu imelipa. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, naishi kwa wazazi wangu baada ya ndoa iliyoshindikana, na kwa hesabu za mji huu nilipaswa kujisikia vibaya. Sikujisikia vibaya hata kidogo. Nilijiona nimebahatika, na nilijua hivyo wakati uleule, jambo ambalo halimtokei kila mtu.

Kisha ukaja mwaka ambao nyota nyeupe ilianza kuanguka.

"Nyekundu imeipita nyeupe," baba alisema jioni moja ya Oktoba. Nikamwambia ni moshi. Huku kwetu Oktoba ni mwezi wa moshi. Watu wanachoma mashamba kungoja mvua, moto unapita porini, na ukiinua macho jioni mbingu yote ni ya rangi ya chai. Moshi hula mwanga wa samawati kwanza na kuuacha mwekundu upite, ndiyo sababu jua linalotua nalo linakuwa jekundu. Nyota nyeupe ikionekana hafifu msimu huo, si ajabu. Mimi mwenyewe niliiona imepungua, ila kwangu haikuwa imezidiwa.

"Moshi ulikuwepo mwaka jana pia," baba alisema.

"Mwaka huu umezidi."

"Nani kasema?"

Tukaafikiana kungoja mvua. Niliandika makadirio yake kama alivyoyataja, kwa kuwa ndiyo kanuni. Unaandika ulichokiona, si unachodhani ulipaswa kukiona. Nikayatuma.

Mwaka huohuo kulikuwa na vita nyingine nyumbani, vita ya kanzu. Baba ana kanzu za Ijumaa ambazo mama huzifua mwenyewe kwa mkono, na ole wake mwingine atakayezigusa. Tangu Ramadhani baba alikuwa akilalamika kwamba zinageuka njano. Sabuni za siku hizi, alisema. Maji ya bomba, alisema. Mwishowe akasema mikono. Mama, ambaye katika ndoa yake yote hajawahi kuanika nguo yenye doa, alinyamaza ule unyamavu ambao hata majirani huusikia. Kisha akaongeza bluu. Unaijua ile bluu ya unga ya kufulia, inayotiwa kidogo tu kwenye maji ya kusuuzia ili nguo iwe nyeupe pe. Akaongeza kidogo, baba akasema bado ni njano. Akaongeza tena, bado. Mimi niliona kanzu zimeanza kufanana na sare za shule ya msingi, lakini nikasema moyoni kwamba mambo ya mke na mume hayana refa, nikarudi kwenye orodha zangu.

Mvua ilifika Novemba. Ilinyesha mfululizo ikaikosha mbingu, na jioni ya kwanza iliyotakata nilitoka mbio uani. Nyota nyeupe ilikuwa mahali pake, imeizidi nyekundu waziwazi, na nilijisikia kama mtu aliyekuta funguo zake. Baba akatoka, akavaa kofia vizuri, akatazama kwa muda mrefu.

"Bado," alisema.

Tulibishana. Nilimwambia labda nyekundu ndiyo imepanda, kigeugeu ni kigeugeu. Akaniambia hilo ameshalifikiria. Ameilinganisha nyekundu na nyota nyingine ya rangi ya chungwa iliyoko juu zaidi, akakuta uhusiano wao ni uleule wa miaka yote. Kwa hiyo iliyoanguka ni nyeupe. Hoja yake ilikuwa imenyooka, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilirudi ndani nikasahihisha madaftari ya kidato cha pili kwa hasira ambayo hawakuistahili.

Sasa, kwenye reli treni haiondoki kwa neno la mtu mmoja. Unapiga simu stesheni ya mbele, unauliza kama njia iko wazi, na mpaka wakujibu hufungui kitu. Baba akafanya kama alivyofundishwa. Alikwenda kuuliza baraza.

Baraza letu ni la wazee wanaokaa mbele ya duka la kona baada ya isha, wanakunywa kahawa na kashata na kuendesha serikali. Wengi ni watu wa mji huu kwa vizazi: fundi cherehani mstaafu, mfanyabiashara wa zamani wa asali na nta, mwalimu wa madrasa, na wengine wa rika hilohilo. Baba aliwaonyesha zile nyota mbili, bila kuwaambia yeye anaona nini, maana alikuwa mwaminifu hata katika hilo. Aliwauliza tu ipi kubwa. Wakatazama, wakashauriana, na wote kwa kauli moja wakasema nyekundu. Mama mmoja anayekaanga chapati pale pembeni alisema yeye anaona nyeupe ndiyo kubwa. Akaambiwa aangalie chapati zisiungue.

Baba alirudi nyumbani anang'aa kuliko nyota yenyewe. Ushahidi umetimia. Nyota ambayo dunia nzima inaamini haibadiliki imeanza kufifia, na imeonekana Tabora, na mashahidi ni watu wazima wenye swala zao. Alitaka nitume taarifa siku ileile.

"Nishamwambia na imamu," aliongeza.

Nilimwomba anipe siku chache niifanyie ile nyota kile ninachomfanyia kila mtuhumiwa. Hilo hakuweza kulikataa. Nikafungua orodha moja baada ya nyingine. Nikaanza na za kale zilizotokana na mabaharia waliovuka kusini, nikaja kwa yule kijana aliyepanda meli hadi kisiwa cha katikati ya Atlantiki ili kuhesabu nyota ambazo kwao hazichomozi, nikaja kwa waliotazama kutoka rasi ya kusini mwa Afrika, kwa wale wa Amerika ya Kusini ambao walirudia kila nyota kwa macho ya zaidi ya mtu mmoja, kisha picha za vioo, kisha vyombo vya angani. Hakuna hata orodha moja iliyoweka nyekundu juu ya nyeupe. Jina lenyewe la ile nyeupe ni la Kiarabu, maana yake yenye kung'aa. Nikawaandikia wenzangu walioko kusini, watazame usiku uleule. Majibu yakaja, nyeupe iko pale pale.

Kwa hiyo baraza zima lilikosea, na sikuelewa lilikoseaje. Mtu mmoja kukosea ni kawaida. Watu wengi kukosea upande mmoja, bila kuambizana, si kawaida hata kidogo. Nikajiambia wameafikiana kwa urafiki ili kahawa ishuke vizuri, nikajua papo hapo kwamba najidanganya.

Jibu nililipata Ijumaa, mchana kweupe, nimebeba fungu la mchicha. Nilikuwa napita karibu na msikiti watu wakitoka swala ya Ijumaa. Vijana walitoka kwanza, kanzu zao nyeupe kiasi cha kuumiza macho juani. Nyuma yao wakatoka wazee wa baraza, wakitembea pamoja kama kawaida yao, na kanzu zao zote zilikuwa za bluu. Ya fundi cherehani ilikuwa bluu ya bahari kwenye ramani. Ya baba ilikuwa katikati. Kila mmoja wao, nyumbani kwake, alikuwa amelalamika kanzu inageuka njano, na kila mke, binti au mkwe alikuwa ameongeza bluu hadi bwana mkubwa akaridhika.

Nilicheka mpaka mama mmoja akaniuliza kama ni mzima. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu nilikumbuka kitu nilichowahi kukisoma kwenye maelekezo ya watazamaji nyota na kukiruka haraka: kwamba lenzi ya jicho ikizeeka hugeuka manjano, na hula mwanga wa samawati kwanza. Ule moshi niliokuwa nausingizia Oktoba ulikuwepo kweli. Ulikuwa ndani ya jicho la baba.

Baba mkubwa wangu, kaka yake baba, aliishi Lusu, upande wa Nzega. Alianza kusema jioni zinaingia mapema. Kisha akasema taa za siku hizi hazina nguvu. Watu walimjibu ni uzee, naye akakubali kwamba ni uzee, akaishia kukaa kwenye kigoda mlangoni, akisema "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, kwa kila mshindo wa miguu bila kujua ni wa nani, asubuhi au jioni. Tulikuwa tukienda kumsalimia, anatupapasa nyuso atutambue. Hakuna aliyempeleka popote. Nilisimama pale barabarani na mchicha wangu nikaona kigoda kile mlangoni kwetu, na baba amekikalia, na nikaogopa kweli.

Jumamosi mvua ilinyesha. Nilimkalisha baba mezani, mama akiwa upande wa pili anachambua karanga, nikamfungulia kompyuta nikampitisha kwenye orodha zote, kuanzia ya kale. Alifurahia sana. Kwa kila moja aliuliza huyu alikuwa wapi, mbingu ya kwao ikoje, alikuwa na umri gani. Nikamjibu kwamba wengi walikuwa vijana.

"Stesheni zote hizi," alisema mwishowe, "zinajibu kwamba nyeupe iko juu."

"Zote, Baba."

"Lakini na mimi nina mashahidi."

"Baba, mashahidi wako ni stesheni zilizoungwa na waya mmoja. Waya ukiwa mbovu, zote zitakujibu uongo uleule."

Nikamwomba mama alete kanzu mbili. Aliinuka, akatoa sandukuni kanzu mpya ambayo haijawahi kufuliwa, akailaza mezani karibu na ile ya jana. Nikamwuliza baba ipi nyeupe. Akaonyesha ya bluu bila kusita. Mama alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Baba alizichukua zote mbili hadi dirishani. Alizigeuza, akazisogeza karibu, akazirudisha mbali. Mvua ilikuwa inapiga bati. Aliporudi mezani alimtazama mama, si mimi.

"Nimekusumbua mwaka mzima kwa kanzu iliyokuwa nyeupe," alisema.

"Mwaka huu tu?" mama alijibu.

Ningependa kusema kwamba alikwenda hospitali Jumatatu. Hakwenda. Aliposikia kwamba huenda ni mtoto wa jicho, na kwamba dawa yake ni upasuaji, alisema jicho si jipu. Alisema anaona vya kutosha. Alisema kaka yake aliishi miaka mingi bila kuona na hakufa njaa. Nilimbembeleza, nikakasirika, nikambembeleza tena. Niliongea naye kama mwalimu, kisha kama mtoto, na vyote viligonga mwamba. Mama alisali. Mimi nilikuwa najua kwamba kila wiki inayopita lenzi inazidi kukomaa, na kwamba mtu anayemwogopa daktari kuliko giza anaweza kuchelewa mpaka ikawa basi.

Alichoshindwa kukivumilia ni kitu ambacho sikukifikiria. Jioni moja aliniuliza yale makadirio ya Oktoba yako wapi sasa.

"Yamo kwenye orodha," nilimwambia. "Pamoja na ya wengine wote."

"Yatakaa humo mpaka lini?"

"Daima, Baba. Ndiyo kazi ya orodha."

Alisema polepole kwamba kwa hiyo miaka mingi ijayo kutakuwa na mtu, amekaa mahali, anaipeleleza nyota isiyo na hatia kwa sababu ya taarifa iliyotoka Tabora. Atapoteza siku zake. Atauliza, huyu alikuwa na umri gani? Niliona jambo lile linavyomuuma. Mtu aliyekaa Kaliua miaka yote ile bila hata siku moja kutoa taarifa ya uongo kuhusu njia hawezi kuvumilia kuacha taarifa ya uongo kuhusu mbingu.

"Yafute," alisema.

"Hayafutwi. Yanawekewa alama, na sababu inaandikwa. Lakini sababu lazima ijulikane kwa hakika, na jicho lilianza lini kuharibika, na kwa kiasi gani. Mimi siwezi kuliandika hilo. Linaandikwa na mtu aliyepimwa."

Naapa sikumtega. Ndiyo kanuni yenyewe.

Alikwenda. Na kwa kuwa baba hafanyi kitu peke yake, alikwenda na baraza zima. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Tabora kwa siku kadhaa, na asubuhi ile bajaji zilishusha mbele ya hospitali safu ya wazee wenye kanzu za bluu, wakasalimiwa shikamoo na wauguzi waliokuwa wakijizuia kucheka. Daktari aliuliza ni nani aliyewaelekeza kuja.

"Korongo," baba alijibu.

Karibu wote walikuwa na mtoto wa jicho. Baba alikuwa naye kwenye macho yote mawili, la kulia likiwa limekomaa. Fundi cherehani alikutwa na kitu kingine, presha ya jicho, ugonjwa ambao hauumi wala haujitangazi, na daktari alisema angechelewa kidogo asingekuwa na jicho la kutibu. Siku hiyo mke wa fundi alikuja kwetu na sinia la vitumbua, akanikumbatia mlangoni kwa nguvu hata kitenge changu kikafunguka. Nilitaka kumwambia kwamba wa kushukuriwa hawapo, wako makaburini nchi za watu, na yule aliyeona sawasawa hapa mjini alikuwa mkaanga chapati.

Hao marehemu nimewacheka sana katika kazi yangu. Nimewaita wavivu, nimewaita vipofu, nimepiga mstari mwekundu juu ya majina yao. Siku hizi nawafikiria tofauti. Namfikiria yule kijana kisiwani, mvua na ukungu vimemzuia wiki nzima, hatimaye mbingu inafunguka kidogo na anaandika kilichopo, hazidishi, hapunguzi, ingawa hakuna wa kumsimamia. Hakujua kutakuwa na Isevya. Hakujua kutakuwa na reli, wala mzee anayekataa kisu. Aliandika kweli tu, akaiacha, nayo ikamfikia baba yangu kwa wakati. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa daktari yule mwenye mikono mitulivu, na kwa mama, aliyevumilia bluu yote ile, na nashukuru kwamba nilikuwa naishi kwa wazazi wangu mwaka ule na si mahali pengine ambapo watu wangesema nimefanikiwa.

Baba alipasuliwa kwanza jicho la kulia, na bandeji ilitolewa kesho yake. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni ukuta wa wodi, akauliza nani kaupaka rangi usiku. Kisha akamwona mama, na akamtazama kwa muda ambao ulitufanya mimi na muuguzi tugeukie dirisha. Kisha akateremsha macho kwenye kanzu yake mwenyewe.

"Astaghfirullah," alisema. "Nimekwenda msikitini na hii?"

Tuliambiwa asubiri, atie dawa ya matone, asiiname, asibebe kitu. Wakati huo Korongo alikuwa anateremka magharibi. Desemba ilikuwa imeingia, na kila jioni nyota zake zilikuwa chini zaidi ya jana, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji yakikataa kuondoka. Baba alikuwa akitoka, anatazama mawingu, anarudi ndani anazima redio kwa nguvu. Sikumwambia kwamba tunaweza kungoja hadi mwakani. Nilitaka sana aione mwaka huu, jicho la kushoto likiwa bado halijapasuliwa, ili alinganishe bovu na zima na makadirio ya Oktoba yapate alama yake.

Mawingu yalifunguka siku ya Alhamisi, mara baada ya isha. Tulitoka uani na viti vyetu. Mama alisimama mlangoni na kikombe mkononi, hakukaa. Baba alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama Korongo kwa lile jipya. Akahamisha kiganja, akatazama kwa lile la zamani. Akarudia. Akarudia tena, taratibu, kama mtu anayeangalia kwamba taa ya upande huu na taa ya upande ule zimewaka zote.

"Kwa hili, nyekundu," alisema. Akahamisha kiganja. "Kwa hili, nyeupe. Nyeupe imezidi, mama. Imezidi karibu nusu daraja. Andika."

Nilikuwa nimezima tochi. Daftari lilikuwa magotini na kalamu mkononi, na mkono haukutaka kushuka kwenye karatasi. Mwanga pekee ulitoka dirishani kwa jirani, nyuma ya pazia. Katika giza hilohilo baba alikuwa akinikanyaga vidole vya miguu tangu Ramadhani.

"Umeandika?" aliuliza, bado anatazama juu.

"Nimeandika, Baba."

Aligeuza shingo.

"Hujaandika," alisema. "Umeshika kalamu hewani, unalia. Nakuona."